Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya: Simu Mmetuletea, Dawa ya Pumu Bado

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia afya ya umma,
Serikali ya Kitaifa na Serikali ya Kaunti,
Nairobi.

KUH: PUMU KATIKA MITAA YA MABANDA NA MIFUMO YA KIDIJITALI ISIYOIONA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu kutoka Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mzazi pia, na ninaandika kwa niaba yangu na ya wazazi walionituma kwa sababu, wasemavyo wao, mwalimu ndiye mwenye kalamu. Barua hii haikuanza kuwa ya wazi. Ilianza kama barua ya kawaida, ikapelekwa ofisini kwa mkono, ikapigwa mhuri wa kupokelewa, ikalala. Tuliporudi kuulizia tukaambiwa mhusika yuko semina. Tukaandika nyingine, nayo ikaenda kulala na mwenzake. Ofisi hiyo siitaji, maana hatutafuti afisa wa kufutwa kazi. Tunatafuta jibu, na sasa tunaliulizia mbele ya watu.

Tunajua mmefanya mengi. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa pale Uhuru Park, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za nyumba wanazozitembelea. Mwezi uliofuata zikatiwa saini sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Kidijitali. Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, na wananchi wakahimizwa kujisajili, wengi kwa simu zao wenyewe. Hakuna anayeweza kusema nchi hii imenyimwa teknolojia. Malalamiko yetu ni kwamba teknolojia hiyo ikibisha hodi kwa mtoto mwenye pumu, hupita bila kumwona, na mgonjwa asiyeonekana haagiziwi dawa.

Hoja zetu ni hizi.

1. Pumu haihesabiwi, na pale inapohesabiwa hupewa jina la ugonjwa mwingine.

Utafiti uitwao Tupumue, ulioshirikisha watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Liverpool, Uingereza, ulilinganisha watoto zaidi ya 2,000 wa Mukuru na wa Buruburu. Mitaa hii ni majirani, ila Buruburu ni ya wenye nafuu ya maisha. Watoto wa Mukuru walikutwa na dalili nyingi zaidi za kifua, lakini waliokuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wachache kuliko wa Buruburu. Ugonjwa uko huku, cheti cha ugonjwa kiko kule.

Inakuwaje? Tazameni mkoba wa mhudumu wa afya ya jamii. Mna mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani, na ule utepe wa kuzungusha mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo. Kipima pumzi hakimo. Nazungumzia kile kibomba cha plastiki ambacho mgonjwa hukipuliza kwa nguvu, mshale ukasogea kwenye namba. Hakitaki umeme, hakitaki bando, na kinadumu miaka.

Kisha tazameni mwongozo wenyewe. Mtoto wa miaka miwili akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 40, huko ni kupumua kwa kasi, na kupumua kwa kasi husomwa kuwa nimonia. Mwongozo huo umeokoa watoto wengi duniani, na sina ugomvi na walioutunga. Ila mtoto ambaye kifua kinampiga mluzi naye hupumua kwa kasi. Anaandikwa nimonia, anapewa amoksisilini, dawa ya kuua bakteria, shambulio linapita lenyewe, mama anashukuru dawa. Mvua zinazofuata anarudi tena na kifua kilekile. Darasani kwangu kuna watoto ambao mama zao, ukiwauliza historia, wanakuambia, “Huyu kila mvua ni nimonia.” Hakuna mapafu yanayougua nimonia kila msimu wa mvua bila mtu kujiuliza kitu. Simu ya mhudumu ingeweza kujiuliza. Ina kumbukumbu zote za nyumba hiyo. Kinachokosekana ni swali moja tu: hii ni mara ya ngapi?

2. Dawa ya kinga haipo karibu na mgonjwa.

Chumba chetu cha walimu kina kabati la chaki. Rafu ya juu tumeweka inhela, yaani vivuta dawa ya pumu, za bluu za wanafunzi, kila moja imefungwa plasta yenye jina. Baadhi zimekwisha kitambo. Hatuzitupi, kwa sababu mtoto akiishika tu hupungua hofu, na hofu yenyewe hubana kifua. Inhela za kahawia katika rafu hiyo hazipo. Sisemi ni chache, nasema hazipo.

Ya bluu ni salbutamol. Hufungua mirija iliyobana kwa muda, lakini uvimbe ulio ndani ya mirija huuacha palepale. Kazi ya kuutuliza uvimbe ni ya dawa ya kinga, yaani steroidi ya kuvuta, ambayo wengi wanaijua kwa rangi yake ya kahawia. Dawa hizi zote mbili ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki kijana wala mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Unaonya pia kwamba anayemaliza inhela 3 au zaidi za bluu kwa mwaka, zile zenye mivuto 200 kila moja, yumo katika hatari zaidi ya shambulio kali, na anayefikisha 12 hatari yake ya kufa inapanda.

Hebu fikirieni onyo hilo likikaa ndani ya simu mliyokwisha kuinunua. Kituo kinaandika kila inhela inayotoka. Mgonjwa akichukua ya tatu kabla ya mwaka kwisha, simu ya mhudumu wa mtaa wake inalia: huyu atembelewe. Hakuna akili ya mnemba hapo wala mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Ni kujumlisha.

Lakini kujumlisha huko hakuna faida kama duka la kituo ni tupu. Huduma ya msingi katika vituo vya Ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, imetangazwa kuwa bure. Bure hiyo huishia pale mfamasia anapokuandikia karatasi uende kununua nje. Inhela ya bluu ni shilingi mia kadhaa. Ya kinga hupita elfu moja bila shida, na anayeinunua ni kibarua wa viwandani anayelipwa kwa siku, siku ambazo kazi ipo. Kwa hiyo ananunua vidonge vya salbutamol au dawa ya maji, vya bei nafuu, vinavyotetemesha mikono na kuukimbiza moyo. Anayepona hapo anapona kwa bahati. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliwashika watu milioni 262 na kuua 455,000, wengi wa waliokufa wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi na dawa hazifiki. Sisi tunaishi ndani ya sentensi hiyo.

Kuna kifaa kingine ambacho hata hakihitaji kununuliwa. Mtoto mdogo hawezi kuvuta inhela moja kwa moja. Sehemu kubwa ya dawa hubaki ulimini na kooni. Anahitaji chombo cha kati cha kuishikilia dawa hadi aivute. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet ushahidi kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri, hufanya kazi hiyo sawa na kile cha dukani. Tunazitengeneza shuleni. Unapasha waya moto, unatoboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, unaingiza inhela, unaziba pengo kwa gundi, mtoto anavutia upande wa shingo. Sijawahi kumwona mhudumu akifundishwa jambo hilo kupitia simu yake, ingawa lingetosha katika video ya dakika 1.

3. Vipima hewa vinazungumza na watafiti, havizungumzi nasi.

UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ina makao yake makuu Gigiri, upande wa pili wa jiji hilihili. Vipima hewa vya bei nafuu vimefungwa hapa na pale Nairobi kwa miaka, na hakuna anayebisha kwamba chembechembe laini za PM2.5 katika jiji letu huzidi mara kadhaa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho tangu 2021 ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Dandora, jaa la taka lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, bado linafuka moshi. Utafiti wa UNEP wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 waliokuwa karibu nalo. Karibu nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Watoto hao leo ni wazazi.

Takwimu hizo huenda kwenye tovuti, zikachorwa kwa rangi nzuri, zikajadiliwa hotelini. Asubuhi moshi unaposhuka na kukaa juu ya mabati, mwalimu anayepanga michezo ya saa nne hana habari. Mjini Louisville, jimbo la Kentucky, walifunga kihisio kidogo juu ya inhela za wakazi, kikawa kinaandika saa na mahali dawa ilipotumika, kisha ramani hiyo ikapewa wenye mji wajue ni pembe zipi zinabana vifua vya watu. Hatuwaombi vihisio vya aina hiyo, vingekuwa anasa hapa. Tunaomba fikra yake: namba za hewa na namba za wagonjwa ziwekwe meza moja, na watu wa eneo hilo wazione.

Uingereza ilifika huko kwa njia ya machungu. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara kuu ya kusini mwa London, alifariki kwa pumu mwaka 2013. Ilichukua hadi Desemba 2020 kwa mchunguzi wa vifo kutamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, kwa sababu mama yake alikataa kunyamaza. Kwetu mtoto wa namna hiyo angeandikwa “matatizo ya kupumua”, na faili likafungwa.

4. Vifaa vyenyewe havikupimwa kwa ajili yetu.

Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni hutegemea mwanga unaopenya ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha katika New England Journal of Medicine kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Spirometa, yaani mashine za kupima nguvu ya mapafu, nazo kwa miongo mingi zilikuwa na hesabu iliyochukulia kwamba mapafu ya mtu mweusi ni madogo kwa asili, hivyo aliyepungukiwa pumzi akasomwa kuwa mzima. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilipendekeza hesabu isiyotazama rangi. Mnapoletewa mashine, ziwe za msaada au za kununua, ulizeni zimejaribiwa kwa nani na zinatumia hesabu gani. Kisha mhudumu afundishwe kwamba mtoto anayevuta mbavu ndani na kushindwa kumaliza sentensi apelekwe hospitali, hata kifaa cha kidoleni kikisoma oksijeni asilimia 95.

5. Siri ya mgonjwa.

Hili ni fupi. Kibarua akijulikana ana kifua, kesho getini haitwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Tunataka kuambiwa kwa Kiswahili, kabla ya jina kuandikwa kwenye simu, nani atalisoma na nani hatalisoma.

Sasa majibu ambayo tumekwisha kuyasikia, au tunayatarajia.

Mtasema hakuna pesa. Mfumo wa kidijitali wa bima ya afya uliwekewa shilingi bilioni 104.8, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali iliyotoka mwaka 2025 ilisema serikali haiumiliki mfumo huo. Sisi si wahasibu. Lakini anayeweza kuutafutia mfumo mabilioni hawezi kutuambia kwamba kipima pumzi cha plastiki kimemshinda.

Mtasema mradi wa majaribio unakuja. Mukuru tumejaribiwa vya kutosha. Tangu eneo letu litangazwe kuwa la mipango maalumu mwaka 2017, tumehesabiwa vyoo, tumepimwa vichochoro, watoto wetu wamepuliza mashine za watafiti, na tumewakaribisha wote kwa chai. Mradi ukiisha, vifaa huondoka na gari lililovileta.

Mtasema afya imegatuliwa. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kitaifa sera na kaunti vituo. Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mpaka kati ya ofisi zenu ulindeni wenyewe. Usipite katikati ya kifua cha mtoto.

Na wapo watakaosema, wazazi waache kupikia mkaa na mafuta ya taa. Gesi tunaitaka. Julai 2021 ilirudishiwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na aliyekuwa anaanza kuizoea akarejea kwenye mkaa. Kodi hiyo ilikuja kupunguzwa na baadaye kuondolewa, lakini mtungi bado hununuliwa kwa mkupuo na mkaa hununuliwa kwa kopo. Isitoshe, moshi wa viwanda hauwashwi na mama yeyote wa Mukuru.

Tunayoyaomba, basi.

Kipima pumzi kiingizwe katika mkoba wa mhudumu, na pumu iwe na swali lake na nafasi yake kwenye simu anayoibeba, pamoja na onyo la nimonia zinazojirudia na la inhela ya tatu. Mhudumu huyu analipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mkimwongezea kazi, msisahau kwamba naye anakula.

Steroidi ya kuvuta ipatikane kituo cha Ngazi ya 2 na ya 3 bila malipo, na hesabu ya zilizobaki ionekane kwa yeyote anayebonyeza nambari fupi kwenye simu yake, hata ile mulika mwizi isiyo na intaneti. Msitutengenezee programu ya kupakua. Wengi wetu hatuna simu ya kuipakulia, na mwenye nayo hana bando siku ambayo kifua kinabana.

Shule ziruhusiwe kutoa dawa ya kinga. Rochester, jimbo la New York, walilijaribu hili katika utafiti wa watoto 400 wenye pumu, wengi wao wa familia maskini: kwa waliokuwa katika mpango, dawa ikitolewa shuleni mbele ya muuguzi wa shule, na daktari akiwaona kwa njia ya video. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kati ya waliokuwa katika mpango, waliolazimika kukimbizwa kwenye huduma ya dharura au kulazwa kwa sababu ya pumu walikuwa asilimia 7, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao wasiokuwa katika mpango huo. Sisi muuguzi hatuna, ila tuna walimu, kabati, na mhudumu anayepita kila wiki. Tupeni mafunzo, dawa, na barua inayotulinda kisheria tukimpa mtoto mivuto miwili kabla ya gwaride. Kwa sasa mwalimu anayefanya hivyo anajitoa mhanga.

Takwimu za hewa za mitaa yetu zibandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa kila kituo cha afya na kutumwa kwa walimu wakuu kwa ujumbe mfupi, kila asubuhi.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya muhula ujao kufunguliwa, lenye jina la afisa atakayesimamia kila ombi na tarehe yake. Ombi msiloliweza, liandikeni kwamba hamliwezi na kwa nini. Tukikosa jibu, tutaomba takwimu za ununuzi wa inhela katika vituo vya kaunti kwa kutumia Kifungu cha 35 cha Katiba, kile cha haki ya kupata habari, na tutazisoma katika mkutano wa wazazi.

Wenu mtiifu,

Mwalimu na mzazi,
kwa niaba ya wazazi wenzangu,
Mukuru, Nairobi.

Nakala:
Wawakilishi wa wadi za Mukuru
Kamati za usimamizi wa vituo vya afya
Wahudumu wa afya ya jamii, ambao wanayajua haya yote kuliko mimi